Fundi wa Antena, Pernik

Nimepanda mapaa ya mji huu miaka ishirini na mitatu,
koleo mfukoni, waya begani,
na ukiniuliza nani humwamini nani
sina takwimu. Nitakuonyesha makochi.

Ghorofa ya tano, kwa bibi Zdravka,
kochi limebonyea mahali pamoja:
ndipo akaapo saa mbili usiku, taarifa ya habari, idhaa ya umma.
Humwamini yule mtangazaji kwa sababu hacheki.
"Asiyecheka," asema, "hana anachoniuzia."
Mkwewe Rangel humjibu toka jikoni, mkate mdomoni:
"Hauzi, mama, kwa kuwa keshanunuliwa.
Serikali ikibadilika, mkurugenzi naye hubadilishwa
kama soksi."

Rangel ni wa stesheni binafsi,
ile yenye maandishi mekundu yanayokimbia chini ya kioo
kana kwamba yamechelewa treni.
Huko hata manyunyu ni habari ya dharura,
na kati ya maiti wawili hupitishwa soseji.
Mwenye stesheni ana maghala, ana benki, ana timu ya mpira.
Rangel hayo yote anayajua.
"Angalau huyu," asema, "namjua anidanganyaye."

Oktoba, ghala la matairi likawaka.
Moshi uliingia mtaani saa tisa alasiri
bila hodi.
Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto;
hawakusema kiberiti cha nani.

Saa mbili nilikuwa pale, nimekuja kwa ajili ya waya.
Idhaa ya umma: wataalamu wanapima hewa, wananchi watulie.
Sekunde arobaini.
Kisha waziri akakata utepe mahali fulani.
Rangel akabonyeza rimoti.
Ndimi za moto, fidla ya huzuni,
mwanamke analia mbele ya uzio wa buluu.
"Uzio huo si wetu," akasema Zdravka.
Kweli, si wetu.
Tukangoja litajwe jina la mwenye ghala.
Tukangoja.
Ikaja soseji.

Bibi akainuka, akaenda kibarazani,
akarudi na shuka aliyoianika asubuhi ikiwa nyeupe.
Akaitandaza juu ya televisheni, masizi yakitudondokea miguuni.
"Haya," akasema. "Someni."
Rangel aliacha kutafuna.

Jana ameniita tena.
Shuka imefuliwa, imekunjwa, ina kijivu kisichotoka.
"Nikuondolee antena, bibi?"
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia.
Kwetu hapa hiyo ni ndiyo;
lakini ametazama filamu za kigeni nyingi mno huyu,
na siku hizi vichwa vya watu sivisomi vizuri.
Nikasimama, bisibisi mkononi.

"Saa ngapi?" akauliza.
"Mbili kasorobo."
Akajisogeza, taratibu,
hadi pale kochi lilipobonyea.