Kwa Skolastika wa Kinyanambo

Leo umetimiza themanini na mbili, au na nne,
inategemea nani anahesabu:
cheti cha ubatizo kinasema hivi,
dada yako marehemu alikuwa akisema vile,
nawe unachagua mwaka kama mtu achaguaye nyanya sokoni,
ukibonyeza, ukirudisha, ukiomba upunguziwe.

Kamwene, rafiki yangu.

Nimekuja na sukari kilo mbili na lalamiko moja la mgongo.
Sukari umeipokea. Mgongo umeucheka.
"Arobaini na tatu tu, na unatembea kama umebeba mlango!"
Kisha ukanivuta hadi uani kunionyesha
gambuti nyekundu, saizi ya mtoto wa shule,
ulizozinunua mnadani kwa bei ya kugombana.
Sakitu ya Julai ilikuwa bado nyeupe juu ya majani,
baridi ile ya Mafinga inayotafuta jino bovu,
nawe ukaenda kuikanyaga kwa makusudi
ili isikike ikivunjika.

Sitakusifu kwa uongo, hupendi.
Magoti yako yanalia kama bawaba za kanisani.
Vidonge vya presha ulivificha kwenye kopo la pipi,
ukasahau, ukampa mtoto wa jirani kopo zima,
tukamkimbiza hadi barabara kuu,
mimi nikihema, wewe ukipiga mluzi.

Na kuna jioni moja niliiona.
Ulikaa na koti la Bosko mapajani
ukilishona kifungo ambacho yeye hatakifunga tena.
Sikuuliza.
Ulimaliza, ukakata uzi kwa jino,
ukalivaa wewe.

Sasa ndilo koti lako la kwendea drafti.
Vijana wa bodaboda pale stendi wanalijua, wanaliogopa:
unakula vizibo vitatu kwa mruko mmoja,
unawaambia, "Haya, mwiteni mwenye akili,"
na aliyeshindwa hukurudisha nyumbani bure,
nawe humwamuru apite njia ya mteremko.
Harusini kwa Lutengano ulikunywa ulanzi nusu kikombe,
ukadai nusu nyingine, ya Bosko,
ukainywa nayo, kwa niaba.

Lakini nikikuwaza, nakuwaza kitaluni.
Mwaka juzi, mvua za kwanza, matope hadi kwenye kifundo.
Kijana akauliza, "Bibi, unawapandia wajukuu?"
"Najipandia mwenyewe. Nataka kuezeka upya."
Akahesabu kimoyomoyo: msonobari, miaka kumi na minane.
Akakutazama wewe, akanitazama mimi,
mimi nikatazama viatu vyangu.
"Mia mbili," ukasema. "Na usinipe iliyopinda."

Tulipanda siku tatu.
Nakiri leo: kila shimo nililochimba niliwaza kaburi.
Wewe ulikuwa ukibishana nami kuhusu rangi ya bati.
Nilitaka kijani. Ulitaka bluu,
"ili hata rubani ajue nakaa wapi."

Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi, tunashuka shambani.
Fimbo waliyokununulia wanao uiegemee
umeichonga mistari kwa kisu cha jikoni.
Unaisimamisha kando ya mche uleule, unaouita Mwenyekiti,
unasoma mstari, unamsengenya kama amedumaa,
unampongeza kama amejitahidi.
Malori ya magogo yanapita juu barabarani,
yanapiga honi, nawe unayapungia:
"Ngojeni na yangu!"

Leo pia, sukari ikiwa bado mezani, tumeshuka.
Ukaisimamisha fimbo.
Ikaishia njiani.
Mwenyekiti alikuwa ameipita kwa shubiri nzima,
kilele chake laini kikipepea mahali pasipo na mstari.
Nilinyamaza. Nilidhani ni jambo la kunyamaziwa.

Ulitazama juu muda mrefu, kiganja kwenye paji,
gambuti zimezama, koti limefungwa hadi shingoni.
"Hii imekuwa fupi," ukasema.
"Kesho uje na panga. Tukakate ndefu."