Mkono wa Dirishani

Zulema aliweka mikono yote miwili mezani
kama mtu anayefunua karata za mwisho.
"Tazama," akasema. "Huu wa kushoto
umenizidi miaka kumi."

Wa kulia ulikuwa na miaka yake sitini na saba:
mishipa, kovu la kisu cha jikoni, kucha fupi.
Wa kushoto, madoa ya rangi ya chai iliyomwagika,
moja kubwa karibu na kidole gumba,
mengine yakipanda hadi juu ya kiwiko,
yakakoma ghafla pale shati lilipoanzia.

Miaka thelathini na mmoja ya lori,
Mendoza hadi San Juan,
zabibu kwenda, chupa tupu kurudi,
dirisha wazi,
na jua limekaa naye upande ule
bila kulipa nauli.

Mikono hii ililea mtoto pamoja.
Jua likachagua mmoja.

Daktari Bruzzone alikagua doa moja moja kwa lenzi.
"Salama. Ni ya umri tu."
"Ya umri?" akasema Zulema. "Ni ya barabara namba arobaini."

Nikachovya pamba. Nikamwambia itachoma.
"Binti, nimebadilisha gurudumu saa sita mchana,
mwezi wa Januari."

Asidi ikapita. Tukahesabu kwa sauti,
na kabla ya sitini ngozi ikapiga weupe,
kama sakitu juu ya mzabibu uliochipua mapema.
Hapo akanyamaza.
Nikamwelekezea feni. Kama yale machozi
yalikuwa ya asidi au ya kitu kingine, sikuuliza;
kazi yangu ni ngozi.

Siku ya nne akapiga simu:
"Umekuwa mweusi kuliko mwanzo!"
Subiri. Usibandue.
Siku ya nane:
"Ninadondoka kwenye unga wa mkate. Najiokota kila mahali."

Wiki ya sita alirudi.
Wa kushoto laini, mwekundu kidogo, mgeni.
Wa kulia, ghafla, mzee.
Akauliza bei ya mkono wa pili.
Nikamtajia. Akapiga mluzi.

Nikampa tyubu ya krimu ya kukinga jua,
nikamwonya juu ya dirisha, akaitikia kila neno.

Kutoka ghorofani nililiona gari lake likitoka,
kioo kimefungwa hadi juu.
Lilifika kwenye taa. Taa ikawa kijani.
Kioo kikashuka.
Kikatoka kiwiko.