Ukumbi Usiojibu

Shangazi Soazig hakuuliza bei.
Aliingia, akavua kofia ya mvua, akapiga kofi moja,
akainamisha kichwa kama anayetegea ugomvi wa jirani.
"Huu una kiburi," akasema. "Twende."

Lilikuwa kasri, nje kidogo ya Morlaix,
zulia jekundu, bata wa mapambo bwawani.
Mwenyewe alituonyesha kisanduku ukutani
chenye taa tatu kama za njia panda:
desibeli tisini, nyekundu; sekunde tano, umeme unakatika.
Goulven akacheka hadi akakohoa.
Zumari moja tu ya kwetu Bretania,
kabla mpigaji hajavuta pumzi ya pili,
itakuwa imewasha zote tatu.
Ngoma ivumayo haidumu, sawa,
lakini hawa wamemwajiri fundi umeme aithibitishe.

La pili lilikuwa kanisa dogo lililostaafu sala.
Nakiri nililipenda.
Mwanga wa dirisha la buluu ulinikaa begani kama shela
na Goulven akaniona, akanyamaza vizuri.
Shangazi akaimba mstari mmoja.
Mawe yakaurudisha, yakaurudisha tena,
maneno yakapandana migongo kama kondoo langoni.
"Unasikia? Linajijibu lenyewe.
Watu wa nini humu?"

Kwetu wimbo wa kuchezea ni wa wawili.
Wa kwanza hutoa mstari,
wa pili hudaka silabi za mwisho hazijaanguka,
hazijaanguka anazibeba, anazirudisha,
anazirudisha kwa mwenzake aliyekwisha pata pumzi,
pumzi ikiisha huku imeanza kule,
na mduara wa watu, vidole vya mwisho vimenasana,
haujui kimya kilipitia wapi.

Miaka thelathini na mmoja wa kwanza alikuwa baba yangu.
Shangazi alidaka.
Tangu Februari ya mwaka juzi hana cha kudaka.

Tukaenda hoteli ya ufukweni: dari limeinama kama lina deni.
Tukaenda ukumbi wa manispaa: vigae vitupu.
Asiyejua kucheza husingizia sakafu,
lakini vigae ni vigae, hata kwa ajuaye;
magoti yangelia kabla ya zumari.
Mama mkwe, Bi. Annaïg, alikuwa na daftari.
Aliandika: maegesho, vyoo, rangi ya vitambaa.
Safu ya muziki aliiacha wazi,
akachora humo ua dogo kwa kalamu ya wino.

Bandani kwa Tanguy tulifuata mabenchi ya kuazima tu.
Banda la kufungashia koliflawa:
mabati, sakafu ya mbao iliyong'arishwa na buti,
makreti yamepangwa hadi darini,
harufu ya mboga iliyolala na nguo.
Shangazi akapiga kofi, kwa mazoea.
Kofi likafa pale pale.
Akapiga tena. Akaweka mkoba chini.

Kisha akaimba mstari wa kwanza,
ule ambao haukuwa wake kamwe,
akakata.

Hakuna kilichojibu.
Friji kubwa lilinguruma, likaacha.
Nilimtazama Goulven, Goulven akatazama viatu vyake,
na silabi tatu zilikuwa bado hewani,
zinashuka.

Nikazidaka.
Sauti ilitoka juu mno, yenye mikwaruzo,
nikapotea katikati, nikajaza kwa la-la kama mtoto.
Hakunisubiri nikohoe.
Mwisho wangu akaufanya mwanzo wake,
na nilipofumbua macho Tanguy alikuwa akihesabu hatua kwa kisigino,
kichwani ana kofia ya kazini, mkononi ana bisibisi.

Bi. Annaïg akafungua daftari.
"Na makoti ya wageni yatatundikwa wapi?"
Tanguy akasema makreti yataondolewa,
apake chokaa, aweke taa za kumetameta.

"Taa weka," akasema Shangazi, akitafuta kofia yake ya mvua.
"Makreti yabaki."