Jina la Leso

Nimeshuka Mwembe Tayari saa tatu asubuhi,
elfu moja na mia mbili zimefungwa pembeni mwa leso kuukuu,
na nia moja kifuani: kumtafutia wifi yangu Munira maneno.
Alisema arusini kwamba pilau yangu ina mchanga.
Alisema mbele ya wapishi.
Alisema akiomba sahani ya pili.

Lakini Barabara ya Biashara, ukiwa na haraka nayo,
ndipo inapokushika nguo.
Mutinda na mkokoteni wa marobota: "Kando, mama, nisikubebe na wewe!"
Tuktuk imenasa konani kama mwiba wa samaki kooni,
nyuma yake honi kumi zinasutana.
Zubeda wa mabuyu, midomo myekundu kushinda bidhaa yake,
aonjesha bure punje moja. Moja tu.
Ukishaimumunya, umenunua.

Na juu, leso.
Zimeangikwa mpaka zakupapasa uso ukipita,
za korosho, za kisutu, za maua yasiyoota popote,
na kila moja ina lake la kukwambia.
Mtaa mzima wasema kwa herufi kubwa
na hakuna aliyepaza sauti.

Kwa Jitendra nimevua viatu, nimekalia kigoda.
Kimvita chake chanishinda mimi niliyezaliwa Kibokoni:
"Wataka la kuchoma au la kuumiza?"
La kuwasha, nikamwambia. Kama upupu. Lisiue.

Akairusha ya kwanza, ikafunguka hewani:
ULIMI WAKO MSUMENO, MIMI SI MBAO.
La. Munira atauliza fundi ni nani.
Ya pili: NIMEKUPISHA MLANGONI, USINIFUATE JIKONI.
Hiyo ilinitia mate,
ila rangi yake ni ya bizari, na bizari yampendeza.
Sitaki apendeze.
Ya tano. Ya tisa. Ya kumi na nne.
Kaunta imekuwa kitanda cha bibi arusi.
Nikasema ngoja nikatie kitu tumboni,
hasira na njaa hazilali chumba kimoja.

Marikiti nikainamia gunia la pilipili manga,
nikapiga chafya tatu,
na muuzaji akaniombea rehema mara tatu
huku mkono wake ukipima robo nisiyoiagiza.
Nje, muhogo wa makaa,
umepasuliwa katikati, ukapakwa ndimu na pilipili ya kusaga.
Machozi yakanitiririka hadharani.
Mwanamke nisiyemjua akanishika bega: "Pole, nani amefariki?"
Ikabidi ninywe glasi mbili za ukwaju ili nimjibu.

Niliporudi, Jitendra alikuwa amenitengea moja,
nyeusi na nyeupe, wino bado wanuka:
WAJA NA KIKOMBE KITUPU, WARUDI NA HABARI TELE.
Moyo ukaruka. Huyo ni Munira na pua yake!
Nikalipa hata bila kubembeleza bei,
Jitendra akaniangalia kama mgonjwa.

Barazani, fundi Shee Kombo akaitandika doti,
akaupata mstari wa kati, makasi yakapita, khwaaa,
zikawa mbili.
"Hii ya kwako wewe ama ya mtu?"
Ya mtu.
"Na hii?"

Sikujibu.
Maneno yale yale, herufi zile zile,
moja goti lake la kulia, moja la kushoto.
Na Jumatatu, kusema kweli, ni nani aliyekwenda na kikombe?
Sukari nusu nilipewa. Nikakaa mpaka magharibi.
Nikarudi najua deni la mumewe, posa ya bintiye,
na dawa anayokunywa kwa siri.
Hata ule mchanga…
tuseme chembe mbili. Tatu.

"Mama, napinda moja au zote?"
Zote, nikasema. Pinda zote.

Cherehani ikaanza kutafuna pindo,
na Zubeda akapita tena na punje yake ya bure.
Nikamwambia: fungu mbili.
Moja uitie pilipili nyingi. Ya wifi yangu hiyo.