Aliyedai Viatu Vyake

Alhamisi, mjini Tartu, saa kumi jioni na giza limeshakomaa.
Tunashuka ngazi kumi na moja hadi chumba cha chini
cha duka la Leelo la vitabu vilivyokwisha kusomwa,
tunakung'uta theluji, tunatundika makoti,
birika linanung'unika kama mtu aliyeamshwa mapema.
Mezani, kitabu: kurasa mia sita
za ufalme ambao jua lake liliuzwa kulipia deni.

Maarika, daktari wa meno, hampendi Haldrek.
Anasema: alifunga lango, watu wake wakiwa nje.
Anasema: alivua pete vidoleni mwa maiti,
kisha akadai ni za urithi.
Anasema: na vile viatu!

Sote tunavijua vile viatu.
Sura ya kumi na tisa, Haldrek anampa yatima buti zake,
nasi tunashusha pumzi, tunasema, haya, ametakata.
Kukicha anamwamsha mtoto, anazidai.
Theluji ilikuwa nyingi. Miguu ilikuwa yake.

"Mimi nipeni yule mwana wa mfalme," asema Maarika,
"moyo mweupe, upanga usiojua kutu."
Nimemfuata huyo mwana wa mfalme ukurasa kwa ukurasa:
ni sahani ya kabatini, ya wageni,
haina ufa kwa kuwa haijapakuliwa kitu.
Hana pa kushikwa. Anateleza.
Haldrek ana makovu, na kovu ni mpini.

Mwandishi angeweza kumwadhibu.
Hakumwadhibu, wala hakumsamehe.
Alimwacha atembee tu,
ufunguo wa lango ukimgonga kifuani kila hatua,
usiku akiwahesabu waliobaki nje,
akikosea hesabu,
akianza upya.

Villu hakuwa amesema neno tangu majani yapukutike.
Aliendesha treni miaka thelathini na minne,
vidole vyake bado vimekunjika kushika kitu kisichokuwepo.
Jana hiyo akaweka kikombe chini.
"Mke wangu alipiga simu kutoka hospitali," alisema,
"nami nilikuwa nashinda sataranji.
Ikaita mara saba. Nikasema moyoni, ngoja nimalize.
Nilishinda."

Hata birika lilinyamaza.
Maarika akaziangalia kucha zake.
"Huyu mtu wenu wa kitabuni," Villu akaendelea,
"ndiye wa kwanza kunisogezea kiti
bila kuniuliza nimetubu lini.
Simpendi. Nikikutana naye njiani nitavuka barabara.
Ila najua anavyolala."

Nyani haoni kundule, husemwa.
Kweli. Ndiyo maana humkodolea macho nyani mwenziwe
muda mrefu namna ile.
Langu sikulisema. Ninalo.
Lina jina la dada yangu na tarehe ya mwezi Machi.

Tukapanda ngazi. Nje, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Maarika, aliyeapa hatagusa juzuu ya pili,
alikuwa ameiazima, ameificha ndani ya koti
kama mkate wa wizi.
Villu alisahau glavu zake kwenye meza ya Leelo,
na Leelo alishafunga.
Nikampa zangu.
Tulipofika darajani, nikazidai.
Vidole vilikuwa vyangu.