Mstari wa Mwisho

Mwaka ule maghala ya magunia yaliungua manne
mjini Dundee, kando ya mto Tay,
nami nilikuwa mpiga taipu wa kituo,
miaka kumi na tisa, vidole vyeusi kwa wino wa utepe.

Polisi walikuwa na majivu na hasira, basi.
Ndipo akaja Daktari Euphemia Geddie
kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili kule kilimani,
mwanamke mfupi, soksi za sufi,
baiskeli isiyo na kengele.
Inspekta Lorimer akampa kiti chenye mguu mbovu.
Hakukikalia. Alisimama kutwa.

Wenzake wote walikuwa wakiuliza: Ni nani?
Yeye aliuliza: Alisimama wapi?
Akazunguka na tochi ghala la nne
hata akaona, chini ya ukuta wa kanisa,
ganda la chungwa lililomenywa kwa mkato mmoja,
likakunjwa vizuri, kama barua.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu.
Yeye alianzia kwenye tope
akarudi kinyumenyume
mpaka akalifikia wingu.

"Andika," akaniambia. Nikaandika.
Huyu hakimbii. Hukaa atazame.
Huchoma Ijumaa, siku ya mishahara,
kwa kuwa yeye hana tena mshahara.
Moto huanzia penye daftari, si penye magunia:
alikuwa mtu wa kuhesabu, si wa kubeba.
Hana mke. Nyumbani yupo mgonjwa
anayelala saa tatu,
na moto haujawahi kuwaka kabla ya saa tatu na nusu.
Atakuwa mpole. Mkimbishia hodi
atawakaribisha chai.

Askari walicheka hadi kofia zikawaanguka.

Wiki ya tatu wakabisha mlango, nyuma ya stesheni.
Alasdair Kinmond, karani aliyefukuzwa,
akashusha sauti, baba yake asiamke,
akauliza: "Sukari vijiko vingapi?"

Hadithi hii mmeisikia.
Husimuliwa vyuoni, na wasimuliaji huishia hapo, kwenye sukari.

Mimi nawaambia ya wiki ya pili.
Wiki ya pili walimleta Dougal Yeaman,
karani, amefukuzwa, hana mke,
mama yake kiharusi, kitandani.
Mpole. Chai pia aliwapa.
Walimshika siku tisa kwa karatasi ile ile,
maneno yale yale yaliyotoka vidoleni mwangu,
na siku ya saba mama akafa
na glasi ya maji hatua mbili kutoka mkononi.

Daktari alikwenda mazikoni. Alisimama mbali, langoni.
Yeaman alimwona. Hakusema kitu.
Alivua kofia tu, kwa adabu,
na hiyo adabu ndiyo iliyommaliza yule mama.

Toka siku hiyo, kila ripoti yake
ilikuwa na mstari wa mwisho, mimi nikiupiga kwa herufi kubwa:
YUPO MWINGINE ANAYEFANANA NA HAYA YOTE
NAYE HAJATENDA LOLOTE. MTAFUTENI NAYE.

Wakaja wapelelezi kutoka Oslo, Montreal, Osaka,
wakanakili fomu yake, wakaenda nayo.
Nakala ikazaa nakala.
Watu wengi wabaya wamekamatwa kwa fomu ile,
na wasichana ambao sitawajua majina
wamefika nyumbani salama usiku. Silikani hilo.

Juzi mjukuu wangu, sajini, alinionyesha kwenye kompyuta.
Ni ile ile! Mahali pa kusimama, saa, aliyeko nyumbani.
Nikashuka na ukurasa hadi chini,
nikavaa miwani, nikashuka tena.
"Bibi, unatafuta nini?"
Chini ya saini palikuwa peupe.

Nilimwomba kalamu. Akacheka,
akasema kioo hakiandikwi kwa kalamu.
Basi nikamwambia akae,
nikamtajia lile jina, Yeaman,
herufi moja moja,
kama mtu anayepiga taipu.