Dakika Mbili

Wanataka dakika mbili.
Ukuta usiwe na kitu, wameandika kutoka ng'ambo,
mwanga utoke mbele ya uso,
utaje jina, utaje urefu,
kisha uwe mtu mwingine.

Ukuta usio na kitu, Kadutu hii!
Nimebandua kalenda ya duka la saruji,
nimeshusha koti la papa, nimeng'oa na msumari.
Tundu limebaki.
Kwenye picha linakaa juu ya sikio langu
kama nzi aliyealikwa.

Simu tumeiegemeza kwenye katoni ya makayabu.
Chumba kizima kinanuka chumvi na samaki,
nashukuru kamera haina pua.
"Ntakwinja," nasema, "mita moja na sitini na mbili,"
na mvua inateremka juu ya mabati
kama lori linamwaga changarawe.
Tunafuta.
Jirani anatwanga sombe. Tunafuta.
Umeme unaondoka na nusu ya sura yangu.
Nsimire, mdogo wangu, anasema labda huko
nusu sura wanaisomesha kwa nusu bei.

Ada ya kuomba, kuomba tu, ni dola sitini.
Mama alizihesabu mara tatu.
Noti moja ilikuwa na mpasuko mdogo kama kope,
akashuka nayo hadi Nyawera kuibadilisha kwa hasara.
Hakuuliza kuigiza ni kazi gani.
Aliuliza kama huko kuna baridi.

Saa tisa za usiku umeme ukarudi kimyakimya,
mvua imechoka, mchi umelala.
Kipande cha kwanza kilitoka kwenye orodha yao:
mjane anaongea na theluji bustanini.
Theluji nimeisomea katika friji ya Papa Birindwa,
nikiwa nimetia mkono mpaka akaniuliza nanunua nini.
Nikaicheza hivyo hivyo, vidole vikiniuma,
na aibu ya mtu asiye na hela.

Cha pili: mtu unayemfahamu vizuri.
Nikafunga kitenge upya, nikakaza kiuno,
nikamtazama mdeni ambaye hakuwepo.
"Mama Zawadi, deni si mbegu.
Ukilizika, halitaota.
Samaki ulikula na watoto wako, wakalamba vidole.
Mimi nilambe nini?"
Na nyuma ya pazia, kutoka ndani ya usingizi,
sauti ikajibu, kali, ya sokoni:
"Mwambie alete na ile ya Pasaka!"

Nsimire aliuma shati lake asicheke.
Mimi sikucheka. Nilikuwa bado ni mama,
na mama alikuwa amenijibu.

Asubuhi nilivuka Ruzizi ya Kwanza,
upande wa pili mtandao una mbio.
"Unapeleka nini?" akauliza wa mpakani.
"Sura yangu."
"Hiyo ushuru wake hatuujui," akagonga muhuri.

Nilikuwa na faili mbili.
Moja tuliirudia alfajiri, safi, sauti moja tu
kama masharti yalivyotaka,
safi kama sahani ambayo hakuna aliyeilia.
Kidole changu kilikaa juu yake muda mrefu.
Kisha kikahamia kwa jirani yake.
Asilimia sitini na moja ikasimama,
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Nikanunua saa nyingine.

Jioni mama alitaka kuona zile dola sitini.
Akatazama amesimama, beseni bado kichwani.
"Mimi sisemagi hivyo," akasema.
Akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha.
Mara ya tatu midomo yake ilitembea pamoja na yangu.

"Na Mama Zawadi, nani alimcheza?"
"Hakuna mtu, mama. Palikuwa na katoni ya makayabu."
Akashusha beseni, akafikiri.
"Amecheza vizuri," akasema.
"Hata hakulipa."